Mwacheni Simba Alale

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kusema neno juu ya mbwa. Najua wako watakaocheka. Watauliza, je, mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye mtihani mbele yake hana jambo kubwa kuliko hili la kuandika? Nawajibu kwamba kwangu mimi jambo hili ni kubwa. Kabla ya likizo baraza la viranja litakutana, nalo litatoa shauri kwa Mwalimu Mkuu juu ya Simba, mbwa wa shule yetu, kama abaki au aondolewe. Na sote twajua maana ya neno "kuondolewa" kwa mbwa mzee asiye na mtu wa kumchukua. Mimi ni mmoja wa viranja hao. Shauri langu nimekwisha kulikata, nami nataka kulieleza mbele ya watu wote, pamoja na kosa langu mwenyewe.

Wengi wenu mliotutangulia hapa shuleni mnamjua Simba. Kwa ajili ya wale wasiomjua nitasema kwa ufupi. Mwanafunzi mmoja wa zamani alipokuja kututembelea miaka minane iliyopita alimleta ndani ya kikapu, akiwa bado mtoto wa mbwa. Rangi yake ni ya hudhurungi, na sikio lake moja limepasuka. Alipokua alikabidhiwa kwa askari wa usiku, mzee aliyekuwa mwanajeshi zamani, naye akamfundisha kazi. Kama mjuavyo, hapa Uganda Kiswahili ni lugha ya jeshi tangu zamani, na mzee wetu hajui kutoa amri kwa lugha nyingine. Kwa hiyo Simba hajui Kiingereza wala lugha za kwetu, ila Kiswahili tu. Ukimwambia "Kaa!" hukaa, ukimwambia "Nyamaza!" hunyamaza. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema kwa mzaha kwamba Simba ndiye wa kwanza katika shule nzima kulifaulu somo hili.

Sasa Simba ameshitakiwa makosa mawili. La kwanza ni uvivu. Mgeni yeyote apitaye saa nne asubuhi humkuta amelala mlangoni pa ghala, miguu ameinyosha, na nzi wanamtembelea puani. Tena mwezi wa tatu, katika juma la michezo, wezi walivunja kufuli la ghala usiku, wakachukua magunia matatu ya maharagwe, wala hakuna aliyemsikia Simba akibweka. Watu wakasema, "Mbwa alalaye usiku na mchana ni wa faida gani?" Kosa la pili ni kwamba mwezi uliofuata alimwuma mvulana wa kidato cha kwanza mkononi.

Habari ya kuumwa huko nyote mmeisikia, lakini hamkuisikia yote. Siku ile kiranja wa zamu nilikuwa mimi. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, nasi tulikuwa tukitoa majembe ghalani. Simba alikuwa amelala mlangoni, kama ilivyo desturi yake. Mimi nilikuwa na haraka, nikamwambia mvulana yule, "Mwondoe mbwa huyo." Alisitasita kidogo, nami nikamkaripia. Akainama, akamshika Simba shingoni ili amburute. Simba aliruka kutoka usingizini, na kabla hajafumbua macho vizuri, meno yake yalikuwa yamekwisha kuingia katika mkono wa mtoto. Mara alipotambua alichokifanya aliuachia, akarudi nyuma, akajikunyata ukutani.

Mwalimu alipouliza jinsi mambo yalivyotokea, nilisema, "Mbwa amemwuma." Sikusema ni nani aliyetoa amri. Yule mvulana naye hakunitaja. Kwa majuma yote haya nimelibeba jambo hili moyoni, na leo nalitua hapa.

Kidonda kilioshwa mara moja kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, muda wa dakika 15, kisha mtoto akapelekwa hospitali akaanza kuchomwa sindano za kukinga kichaa cha mbwa. Kila msomaji na ayakumbuke hayo, maana kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili zake kwa mtu, karibu hapana anayepona. Simba alikuwa amechanjwa, lakini hata hivyo Bwana Mifugo aliagiza afungwe mahali pa peke yake siku 10, aangaliwe kama atabadilika. Mwalimu Mkuu akanichagua mimi, pamoja na mzee askari, tumpe chakula na maji na kumwangalia. Alinichagua kwa sababu aliniona mwaminifu. Fikirini jinsi nilivyojisikia!

Tulimfunga katika banda la zamani la kuni, nyuma ya jiko. Mahali hapo ni pakavu, pana kivuli, na wanafunzi hawaruhusiwi kufika. Nilichukua daftari nikaanza kuandika kila nilichokiona, asubuhi kabla ya masomo, saa ya mapumziko, baada ya chakula, na jioni. Siku mbili za kwanza karibu kila nilipokwenda nilimkuta amelala. Niliogopa, nikamwambia mzee, "Huenda mbwa huyu ni mgonjwa." Mzee akacheka akasema, "Mwanangu, huyu si mgonjwa. Huyu analipa deni."

Na kweli alikuwa akilipa deni. Siku ya nne nilipofungua mlango aliinuka mwenyewe, akajinyosha mbele na nyuma, akatikisa mkia. Nilikuwa sijamwona akitikisa mkia saa saba mchana tangu nilipoingia shule hii. Usiku wa siku ya sita, mtu mmoja alipopita katika njia iliyo nyuma ya mabweni, Simba alibweka humo bandani hata sisi tukaamka. Lakini mzee askari alipopita mara tatu usiku huohuo, hakutoa sauti hata kidogo. Alikuwa amelala, naye akijua ni nyayo za nani. Ndipo nilipoanza kuona haya, nikataka kujua zaidi. Mwalimu wetu wa biolojia alinisaidia kutafuta maandishi ya wataalamu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, mbwa mzima hulala karibu nusu ya siku, yaani kadiri ya saa 12, na wengine huzidi hapo kidogo. Mbwa mdogo anayenyonya au aliyeachishwa juzi hulala saa 18 hata 20. Mbwa mzee naye huhitaji usingizi kuliko kijana. Kwa hiyo mtu apimaye usingizi wa mbwa kwa kipimo cha mwanadamu, kisha akamwita mvivu, amechukua kipimo kisicho chake.

Pili, mbwa halali kama sisi. Sisi tukilala, twataka kulala moja kwa moja mpaka kengele ya asubuhi. Mwaka 1993 wataalamu wawili wa Australia, Adams na Johnson, walichapisha habari za mbwa waliowaangalia usiku. Waliona kwamba, kwa wastani, mbwa hulala dakika 16 kisha huwa macho dakika 5, kisha hulala tena, na katika usiku wa saa 8 hufanya hivyo mara 23 hivi. Hayo ndiyo yaleyale niliyoyaandika katika daftari langu bila kujua maana yake: amelala, ameinua kichwa, amenusa, amelala tena. Usingizi wake umekatwakatwa kama muwa, naye hula kipande kimoja kimoja. Hii ndiyo sababu mbwa aweza kuwa mlinzi hata akiwa amelala. Lakini ndiyo sababu pia usingizi wake ni rahisi kuibiwa. Ukimwamsha mara moja hudhani umemdhuru, na kwa mara moja huenda usimdhuru. Lakini ukipita wewe, na mwenzako baada ya dakika 10, na mwingine baada yake, hatapata kipande hata kimoja kizima.

Tatu, usingizi kwa mbwa si anasa. Mwaka 1894 bibi mmoja mtaalamu wa Urusi, Marie de Manacéïne, alitoa habari za watoto wa mbwa aliowazuia wasilale kabisa, ingawa walipewa chakula. Walikufa wote baada ya siku chache tu, nne au tano hivi. Naye akaonyesha kwamba mbwa aliyekosa chakula siku 20 au zaidi aliweza bado kuokolewa akilishwa. Mimi silipendi jaribio lile, na nilipolisoma niliwahurumia viumbe wale. Lakini kwa kuwa limekwisha kufanyika, tusilisahau fundisho lake. Sisi tukimwona mtu akimnyima mbwa chakula twasema ni mkatili. Akimnyima usingizi twasema anacheza.

Nne, mbwa hujifunza kwa msaada wa usingizi. Mwaka 2017 wataalamu wa Budapest, katika nchi ya Hungaria, walitangaza habari za mbwa waliojua tayari kukaa na kulala chini wakiamriwa kwa lugha ya kwao, kisha wakafundishwa kuyafanya mambo hayohayo kwa amri za Kiingereza. Baada ya somo waliachwa walale, huku vyombo vikipima mwendo wa ubongo wao bila kuwaumiza. Ikaonekana kwamba somo lile lilibadili usingizi wao, na kwamba mwendo wa ubongo katika usingizi huo ulihusiana na jinsi walivyofanya vizuri zaidi walipojaribiwa tena. Ndugu zangu wa kidato cha nne na cha sita, ninyi mnaokesha na tochi chini ya blanketi mkidhani mnaupiga mtihani vita, hata mbwa wa Hungaria wamewashinda kwa akili. Nami najihesabu miongoni mwenu.

Labda umewahi kumwona mbwa aliyelala akitikisa miguu kama anayekimbia, akilia kwa sauti ndogo, macho yakizunguka chini ya kope. Watu wa kwetu husema anawinda ndotoni. Wataalamu wa Chicago waliieleza hali hiyo ya usingizi kwa wanadamu mwaka 1953, nayo ipo kwa mbwa vilevile. Mnyama aliye katika hali hiyo yuko mbali sana nasi. Ukimgusa ghafula hajui kama wewe ni rafiki au chui. Hutetea nafsi yake kwanza, kisha ndipo hutazama. Hivyo ndivyo Simba alivyofanya. Wazee walisema: usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Mimi niliujua msemo huu tangu utoto, nami niliufanyia mtihani nikaufaulu. Siku ile mlangoni pa ghala sikuukumbuka.

Basi, tuyapime mashitaka ya Simba kwa haki.

Shule yetu ina walinzi wawili wa usiku. Wote wawili huanza kazi saa moja jioni na kumaliza saa kumi na mbili alfajiri. Wa kwanza ni mzee askari. Akimaliza kazi huenda nyumbani kwake, hufunga mlango, hulala mpaka alasiri. Mtoto akipiga kelele karibu na dirisha lake, twamwambia, "Nyamaza, mzee amekesha kwa ajili yetu." Wa pili ni Simba. Akimaliza kazi hana nyumba wala mlango. Hulala pale kazi ilipomwachia, penye njia ya watu mia nne, nasi twamrushia kokwa za maembe tuone kama ataamka. Nasema "sisi" kwa sababu nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa fundi wa kulenga. Mmoja twamwita mchapakazi, wa pili twamwita mvivu, na kazi yao ni moja.

Siku moja katika zile siku 10 mzee aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Mimi na Simba tu askari wa kikosi kimoja. Mimi nalipwa fedha, yeye analipwa chakula na usingizi. Chakula mnampa. Usingizi mnamla ninyi."

Yuko atakayesema, "Lakini usiku wa wezi hakubweka." Ni kweli, na siwezi kuapa kwamba najua sababu. Nakumbuka tu lilikuwa juma gani. Lilikuwa juma la michezo, siku tano za ngoma, tarumbeta, wageni, na watoto wa wageni, ambao wote walitaka kumshika mbwa wa shule. Siku zile tano Simba hakupata mchana hata mmoja wa kupumzika, na usiku alipelekwa kazini kama kawaida. Mzee askari mwenyewe angenyimwa usingizi siku tano, kisha akasinzia usiku wa sita, tungemlaumu yeye peke yake? Mchimba kisima huingia mwenyewe. Huenda ni sisi tuliowafungulia wezi mlango.

Mwingine atasema, "Mbwa wakilala mchana watalala na usiku pia." Hapa yatupasa kusema ukweli. Kwa asili yake mbwa afugwaye hulala zaidi usiku, wakati watu wake walalapo, na mchana husinziasinzia. Sisi ndio tuliomtaka Simba awe macho usiku. Tumeigeuza saa yake kwa faida yetu, na kwa hiyo tuna deni la kumpa mchana kile tulichomnyima usiku. Kama hatutaki kumlipa, basi na tumwache alale usiku, tulinde ghala wenyewe kwa zamu. Nadhani baada ya juma moja kila mmoja wetu angeelewa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwingine tena atasema, "Mbwa wa vijijini hawana nyumba wala kanuni, nao wanaishi." Wanaishi, ndiyo. Lakini mbwa wa kijijini akisumbuliwa hapa huondoka akalala kule, chini ya mgomba au nyuma ya ghala la mahindi. Hajafungwa kwenye uwanja mmoja wenye watu mia nne wasio na kazi saa ya mapumziko. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti juu ya mbwa waliowekwa katika makao ya mbwa wasio na wenyewe, mahali penye kelele na watu wengi kama hapa petu, nao wale waliopumzika zaidi mchana walionekana wametulia zaidi na wenye furaha zaidi. Simba wetu si mkali kwa tabia. Katika miaka minane hii ni mara yake ya kwanza kumwuma mtu.

Kwa hiyo sitaki tuseme tu "maskini mbwa," kisha tuende zetu. Nitapeleka mbele ya baraza mambo matano, nayo ni haya.

Kwanza, Simba apewe banda la zamani la kuni liwe lake. Paa lake lina matundu, lakini mabati mawili na mbao chache zatosha. Sakafu iinuliwe kidogo kutoka ardhini, itandikwe magunia makavu, na magunia yafuliwe na kuanikwa juani kila juma, kwa maana mbwa anayeumwa na viroboto na kupe hujikuna usiku kucha badala ya kulala. Mbwa akilala amejikunja kama kitumbua, mara nyingi anatafuta joto; akilala ubavu na miguu imenyoka, ametulia wala hana baridi. Tukimwangalia tutajua kama mahali pake panafaa.

Pili, saa zake ziwe za namna moja kila siku. Ale saa zilezile, atembezwe jioni kabla ya kazi, na maji safi yawepo siku zote. Mbwa aliyezoea utaratibu hulala kwa amani kuliko yule asiyejua chakula kitakuja lini.

Tatu, tangu kengele ya asubuhi mpaka saa tisa alasiri mtu yeyote asifike bandani, isipokuwa mwenye zamu ya kumtunza. Anayerusha jiwe aadhibiwe kama anayevunja dirisha, maana naye ameharibu mali ya shule.

Nne, kila mwanafunzi mgeni afundishwe siku ya kwanza namna ya kumwamsha mbwa. Usimguse. Usimwinamie. Simama mbali, mwite kwa jina lake kwa sauti ya upole mpaka ainue kichwa na kukutambua, kisha umwache aje yeye kwako. Mambo haya hujifunzwa kwa dakika mbili, nayo yangaliukinga mkono wa yule mtoto.

Tano, lile daftari nililolianza liendelee. Msidhani ni mchezo. Mtu ajuaye jinsi mbwa wake alalavyo akiwa mzima, ndiye atakayeona mapema akiugua. Mbwa alalaye kupita desturi yake, asiyetaka kuinuka hata kwa chakula, huenda ana homa ya kupe au ugonjwa mwingine. Mbwa mzee azungukaye usiku kucha asipate mlalo huenda viungo vinamwuma. Mbwa mpole anayejificha gizani ghafula, au anayegeuka mkali pasipo sababu, huyo asisogelewe, na Bwana Mifugo aitwe upesi, kwa sababu kichaa chaweza kuanza hivyo. Nchi yetu yajua vizuri kwamba usingizi waweza kuwa ugonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu wengi sana kando ya Ziwa Viktoria, na vimelea viletwavyo na ndorobo huwashika mbwa pia. Lakini usingizi wa mchana wa mlinzi aliyekesha si ugonjwa. Ni mshahara.

Siku 10 zilipokwisha, Bwana Mifugo alikuja, akamkuta Simba mzima, akasema afunguliwe. Nilikwenda kwa yule mvulana wa kidato cha kwanza, ambaye mkono wake umepona na sindano zake amezimaliza, nikamwomba radhi. Nilimwuliza pia anataka Simba afanywe nini, kwa maana yeye ndiye aliyeumwa. Alifikiri kidogo akasema, "Kaka, hata wewe ukituamsha kwa mkia wa fagio siku ya Jumamosi, wengine tungekuuma kama tungethubutu." Nilicheka, lakini nilipofika chumbani kwangu niliyafikiri tena maneno yake. Tangu siku ile nimeacha fagio, nagonga mlango.

Nimekwenda pia kwa Mwalimu Mkuu kumweleza kwamba amri ilikuwa yangu, kabla hajasoma habari hii gazetini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Adhabu yangu nimepewa, nayo ni kutengeneza paa la banda katika Jumamosi nne, hata kama baraza litaamua Simba aondoke. Nimekwisha kuanza. Nikimaliza, banda litakuwepo. Kama litakuwa na mwenyewe au la, hilo liko mikononi mwa baraza.

Kwenu ninyi wenzetu wa zamani, ambao mmoja wenu ndiye aliyetuletea Simba ndani ya kikapu, nina ombi dogo. Wengine wenu mna maduka, wengine ni mafundi, wengine ni wakubwa maofisini. Mabati mawili si kitu kikubwa kwenu. Na kama huna bati, basi tuandikie barua ya maneno machache utuambie Simba alikufanyia nini ulipokuwa hapa. Nitaisoma barazani.

Na ninyi viranja wenzangu, najua wengine wenu hampendi mbwa, nami siwalazimishi kumpenda. Haki haingoji upendo. Naomba jambo moja tu kabla ya siku ya kukutana. Usiku mmoja amkeni saa nane, fungueni dirisha, msikilize. Mtasikia nyayo za mzee askari zikizunguka mabweni, na nyuma yake kucha za mbwa juu ya mawe. Kisha rudini mkalale, na asubuhi saa nne, mkimkuta mmoja wao amejinyosha kivulini, piteni polepole.

Kiranja, Kidato cha Sita